Ijumaa Ijayo, Mama

Ijumaa, 30 Novemba

Hakuna meli. Daftari hili nilipewa na wakala mmoja wa meli miaka miwili iliyopita. Jalada lina picha ya nanga, ndani hamna kitu. Nimeamua kuliandika kwa sababu ofisini sina kazi na nyumbani sina wa kugombana naye: mke wangu Sabrin amekwenda kwa dada yake Port Fuad, na kivuko leo hakina haraka ya kumrudisha.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za siku moja kutoka hapa Port Said. Unatoka asubuhi, unarudi jioni, unalala kitandani mwako. Watalii wa melini nawapeleka Kairo kuona piramidi, na nawarudisha kabla meli haijang'oa nanga. Meli zikikosekana nawapeleka maharusi na mama zao Damietta kununua vitanda na makabati. Najua kila choo kisafi kati ya hapa na Kairo. Najua ukungu wa ziwani unaifunga barabara saa ngapi na kuifungua saa ngapi. Miaka ishirini na miwili sijawahi kumpoteza mtu njia wala kumpeleka mahali sipo. Hilo naliandika kwa kujisifu, wala sioni haya.

Mtu mmoja tu sijapata kumpeleka popote, naye ni mama yangu. Mama Insaf hatoki Port Said. Harusi ya binamu yangu Mansura hakwenda, maziko ya shangazi Ismailia hakwenda. Watu humwita Hajja kwa heshima ya umri tu, Makka yenyewe hajaiona. Ukimwuliza, atakwambia magari yanamtia kichefuchefu. Shawqi, dereva wetu, ananicheka kila siku: "Bwana Ratiba, mama yako ndiye tangazo baya kuliko yote la biashara yako."

Jumapili, 2 Desemba

Hakuna meli. Upepo.

Jumanne, 4 Desemba

Dhoruba ya Qasim imefika kwa tarehe yake, kama ilivyofika enzi za babu. Mlango wa bandari umefungwa. Nimempeleka Mama kwa daktari wa moyo, mitaa miwili tu, kwa miguu, kwa sababu teksi hataki. Daktari alinivuta pembeni akasema moyo wake umechoka na tusimkasirishe. Nilitaka kumwuliza: na mimi, nani atakatazwa kunikasirisha?

Ijumaa, 7 Desemba

Baada ya swala ya Ijumaa nilipita kwa Mama, ghorofa ya nne, kama kawaida yangu. Alikuwa kakaa kwenye balkoni anamenya viazi vitamu vya kuchoma, maganda anayapanga pembeni ya sahani. Akaniuliza bila kuinua macho.

"Wagdi, hivi ni kweli unawapeleka watu mbali na kuwarudisha siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo kazi yangu, Mama. Miaka yote hii ulidhani nafanya nini?"

"Basi na mimi nipeleke."

Nilidhani anatania. Nikamwambia nitampeleka Ras el-Bar akaone mto unavyoingia baharini, tule na samaki. Akasema Ras el-Bar hana haja nayo, samaki wamejaa hapa. "Nipeleke Kafr Sawaqi. Nina mtoto kule."

Naandika kama alivyosema, maana tangu mchana maneno haya yananizunguka kichwani. Nilijua, kama kila mtu wa mji huu anavyojua, kwamba vita vilipokuja mji ulihamishwa wote, na wazazi wangu wakakaa vijijini miaka mitano. Miaka ya Uhamisho, ndivyo tunavyoiita. Mimi mwenyewe nilizaliwa Mansura katika miaka hiyo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kabla yangu kulikuwa na Buthaina.

"Alikuwa na miaka minne," Mama alisema. "Homa ya siku tatu. Wenyeji wetu walikuwa wametupa chumba kimoja katika nyumba yao. Wakatupa na kaburi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Baba yako hakukaa pale hata wiki baada ya maziko. Alituhamisha Mansura, akaapa: tukirudi Port Said, hakuna kutazama nyuma, na jina lile lisitajwe ndani ya nyumba. Alipokufa yeye, nikaona haya. Ningewaambia nini wale watu? Nilimwacha mtoto kama mzigo stesheni, sasa ndiyo nimekuja kuuulizia?"

Nilikula kiazi kisicho na ladha. Miaka arobaini na sita najiona kifungua mimba, tena najivuna, kumbe nilizaliwa kwenye nafasi ya mtu mwingine. Niliona wivu. Nina mvi kichwani, na nilimwonea wivu mtoto wa miaka minne aliyekufa kabla sijazaliwa.

Kisha nikafanya ninachokijua. Nikafungua ramani kwenye simu na kuipata Kafr Sawaqi pale pale, mkoa wa Daqahlia, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mama akaniuliza treni inapita? Nikamwambia hakuna treni pale.

"Sisi tulishuka kwenye treni. Tukavuka mfereji wa mashambani kwa miguu. Nyumba yao ilikuwa na mnara wa njiwa."

"Mama, minara ya njiwa iko kila kijiji. Na reli hakuna. Ni mambo ya zamani, unachanganya."

Akasema, "Labda," akaendelea kumenya.

Jumatatu, 10 Desemba

Mama kamtuma Sabrin sokoni kununua gauni la mtoto wa miaka minne. La mahameli, jekundu, lenye kola nyeupe. Alimwahidi Buthaina gauni la Idi, na Idi ilikuja mwezi mmoja baada ya maziko. Anataka kulitoa sadaka kwa mtoto wa kile kijiji. Sabrin alilia ghorofa zote nne akishuka, halafu akaja kunigombeza mimi kwa sababu nilikuwa karibu.

Ijumaa, 14 Desemba

Mikate ya rehema Mama aliikanda jana mwenyewe, ile midogo tunayowagawia watu makaburini. Saa kumi na mbili asubuhi alishakaa mlangoni kavaa nguo zake nyeusi. Ukungu. Barabara ya ziwani imefungwa hadi saa tano, na saa tano ni kuchelewa. Nilimwambia: Ijumaa ijayo, Mama. Mikate aliigawa ngazini.

Ijumaa, 21 Desemba

Maharusi watatu na mama zao, Damietta. Waliandikisha tangu mwezi uliopita. Ijumaa ijayo, Mama.

Ijumaa, 28 Desemba

Gari la Shawqi liko kwa fundi. Hakuna meli. Nilimkuta Mama kavaa tena, mfuko uko magotini. Sikuweza kusema lile neno, akalisema yeye.

Ijumaa, 4 Januari

Tumekwenda. Nataka kuandika yote, pamoja na lile ambalo sitaki kuliandika.

Tulitoka saa moja kasoro. Mama alikaa mbele, Shawqi kamwekea mto mgongoni na kumwambia, "Hajja, ukitapika gari hili litapata baraka." Mama alicheka. Hakutapika wala hakuonyesha kichefuchefu chochote, safari yote alikaa wima macho yako dirishani.

Kwenye lango la forodha tukashushwa kama kila mtu atokaye mji huu. Sisi tumezoea. Nguo za Port Said hazilipiwi ushuru, kwa hiyo anayetoka nazo lazima ajieleze, na wapo wanaotoka wamevaa suruali tatu. Afisa, kijana mwenye mafua, akafungua mfuko wa Mama. Mikate. Msahafu. Gauni jipya na karatasi yake ya dukani.

"Hajja, hili la biashara?"

"La binti yangu."

"Binti yako ana miaka mingapi?"

"Minne," akasema Mama.

Yule afisa alimtazama Mama, mwanamke wa miaka sabini na minne, kisha akanitazama mimi. Akalikunja gauni vizuri kuliko alivyolikuta, akafunga mfuko. "Nenda, Hajja. Mungu akuhifadhie."

Tulipokaribia kijiji Mama akaanza kugeuka huku na huku. "Reli iko wapi?" Nikasema labda iling'olewa. "Reli haing'olewi," akasema. Nilianza kuudhika. Nilikuwa nimepanga: nusu saa makaburini, swala ya Ijumaa, chai, nyumbani kabla ya alasiri.

Makaburini alikuwepo mlinzi, mzee mwenye jicho moja bovu, ambaye ndiye pia mchimbaji. Nilimwuliza juu ya mtoto wa watu wa Uhamisho. Akasema waliokuja hapa miaka ile walikuwa wa Suez, si wa Port Said, na hakumbuki mtoto. Mama alikuwa bado yuko nyuma, anapita kati ya makaburi kwa mkongojo, anasoma majina kwa sauti ndogo. Alisoma majina mengi. Alianza kuhema.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nilimsogelea yule mzee nikamshika mkono nikiacha noti kiganjani, akaelewa, nikamwambia: "Mwonyeshe lolote dogo. Mtu mzima huyu, moyo wake mbovu, acha aondoke ameridhika."

Akaenda kwa Mama. "Hajja, nimekumbuka! Mtoto wa Port Said, huyu hapa." Akaonyesha kilima kidogo cha udongo kisicho na jina karibu na ukuta.

Mama alichuchumaa kwa shida. Aliweka kiganja juu ya ule udongo, akasoma Fatiha mpaka mwisho. Akaomba dua ndefu. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, nami nikamwinua.

"Si yeye," akasema. "Lakini ni mtoto wa mtu."

Mikate yote aliigawa pale pale, kwa mlinzi na kwa watoto waliokusanyika ukutani. Gauni hakulitoa.

Tukageuza kurudi. Shawqi aliwasha redio, akaizima. Tulipofika karibu na ziwa, ndege weupe wamejaa majini, Mama akanishika goti.

"Umezoea watalii, mwanangu," akasema.

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejitetea, maana kujitetea najua. Mara ngapi nimewasimamisha wageni mbele ya mti wowote nikawaambia hapa ndipo fulani alipumzika, wakapiga picha, wakafurahi, kila mtu akaenda zake? Sikuwahi kuuita uongo. Niliuita ratiba.

Jumamosi, 5 Januari

Sikwenda kwake. Nimeona haya.

Jumanne, 8 Januari

Hakuna meli. Nilikwenda stesheni, nikamkuta karani mzee wa tiketi anakunywa mchuzi wa dengu nyuma ya kioo. Nikamwuliza kama anajua Kafr Sawaqi.

"Ipi? Ziko mbili."

"Mbili?"

"Moja Daqahlia. Nyingine Sharqia, ukipita Ismailia, kituo kidogo, treni ya asubuhi husimama dakika mbili. Ukishuka unavuka mfereji wa mashambani." Akafuta mdomo. "Kwani wewe si ndiye mpanga safari?"

Nilikaa kwenye benchi la stesheni mpaka adhana. Mama alinieleza yote tangu siku ile ya viazi: treni, mfereji, miguu. Alinipa njia nzima, mimi nikamwambia anachanganya. Miaka ishirini na miwili sijampeleka mtu mahali sipo, na wa kwanza kumpoteza ni yeye.

Nilipomwambia, alinikamata uso kwa mikono yote miwili na kunibusu paji la uso, kitu ambacho hajafanya tangu nina kaptura. "Nilijua nilishuka kwenye treni," akasema. "Nilianza kudhani nimerukwa na akili, Wagdi. Nilianza kudhani hata mtoto mwenyewe hakuwepo."

Ijumaa, 11 Januari

Mama ana mafua, kifua kinakoroma. Daktari kakataza baridi. Ijumaa ijayo, Mama.

Jumatano, 16 Januari

Meli! Inaingia Ijumaa alfajiri, watalii mia mbili, mabasi matano ya kwenda Kairo. Bosi anaimba ofisini. Miezi mitatu hatujaona meli ya namna hiyo. Nimemwambia Ijumaa nina safari na mama yangu. Akaacha kuimba.

"Mama yako ataisha?"

"Ana moyo."

"Wote tuna moyo, Wagdi. Meli ikiondoka imeondoka. Mama yako yupo Ijumaa zote."

Ijumaa, 18 Januari

Nilikwenda Kairo na mabasi matano. Mama alikuwa mzima, kifua kimefunguka, jua lilitoka, hakukuwa na ukungu hata kidogo. Treni ilipita kwa wakati wake. Nilipomweleza jana alisema, "Nenda, mwanangu, watu wametoka mbali."

Niandike na hili: nilifanya kazi vizuri sana leo. Kila basi lilirudi na watu wake, hakuna aliyepotea. Bosi alinikumbatia.

Ijumaa, 25 Januari

Miguu ya Mama imevimba, viatu haviingii. Sabrin kalala kule siku tatu sasa, anampikia mchuzi na kumsuka nywele. Mama anamsimulia habari za Buthaina kwa wingi, zile ambazo hakuzisimulia miaka arobaini na tisa: alikuwa anaogopa njiwa na kuwapenda, alikuwa anawarushia mahindi huku kajificha nyuma ya sketi ya mwenyeji wao. Nasikiliza nikiwa ukumbini. Nimegundua kwamba mama yangu ni mcheshi. Sikuwahi kumpa nafasi ya kunichekesha, kila nilipokuja nilikuwa na saa mkononi.

Ijumaa ijayo, Mama. Alinijibu: "Wewe acha kupanga. Sema tu utakuja."

Jumatatu, 28 Januari

Dhoruba ya Karam. Bahari imevuka ukuta wa ufukweni. Waliobaki wakavu ni mimi na Shawqi tuliojibanza ofisini. Hata yeye hatanii.

Ijumaa, 1 Februari

Tumejaribu leo. Mama aliamka akasema anajisikia vizuri, na kweli uso ulikuwa na rangi. Alivaa mwenyewe. Viatu vya Sabrin, vikubwa, vilimwingia. Lifti ya jengo lake imekufa tangu kabla ya mapinduzi, kwa hiyo tulimkalisha kwenye kiti cha jikoni, mimi nyuma, Shawqi mbele, tukaanza kushuka. Mfuko wa gauni na mikate ulikuwa mapajani mwake. Majirani walifungua milango. "Hajja, unakwenda wapi na msafara?"

"Kwa binti yangu," akawajibu.

Ghorofa ya nne, ya tatu. Kati ya tatu na ya pili akashindwa kupumua. Midomo ikawa ya bluu. Shawqi akasema, "Tuweke chini, tuweke chini," tukakiweka kiti ngazini. Nilimpepea na ile ratiba niliyoiandika, treni saa moja na dakika ishirini, kituo kwa kituo. Mama alikuwa ananitazama kwa macho makubwa na kutikisa kichwa, na sikujua kama anasema turudi au tuendelee. Niliamua turudi. Kupanda kulituchukua nusu saa, tukipumzika kila ngazi ya tano.

Kutoka kitandani kwake treni inasikika. Ilipopiga honi saa moja na ishirini sote tuliisikia, na Shawqi akatoka kwenda balkoni.

Jioni Mama aliniita. "Kama mimi siendi, wewe utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Usipeleke mikate ya dukani."

Ijumaa, 8 Februari

Mama amelala tu. Niliketi kando ya kitanda mchana kutwa. Meli mbili zimeingia, bosi kapiga simu mara nane. Sikupokea.

Jumamosi, 9 Februari

Mama amefariki leo baada ya alasiri. Sabrin alikuwa anampa maji kwa kijiko.

Jumapili, 10 Februari

Tumemzika pamoja na baba. Baba aliyeapa. Niliposimama pale niliwaza kwamba safari zote nilizowahi kupanga hakuna iliyokwenda kwa wakati kama hii: kuoshwa, swala, gari, kaburi, yote ndani ya saa mbili na robo. Nililia mbele za watu bila kujizuia.

Jumanne, 26 Februari

Meli. Sikwenda.

Ijumaa, 8 Machi

Dhoruba ya Husum imeanza kuvuma. Mfuko bado uko mlangoni kwa Mama. Hakuna anayeugusa.

Jumatano, 20 Machi

Arobaini ya Mama. Msomaji alisoma vizuri. Kesho nchi nzima ni Siku ya Mama, madukani maua yamejaa, nimepita upande wa pili wa barabara. Sabrin amekanda unga.

Ijumaa, 22 Machi

Nilikwenda peke yangu. Kwenye meza ya forodha ya stesheni mwanamke mmoja alilitazama gauni, akauliza la nani. Nikasema, "La dada yangu mkubwa." Akaniambia nisimtanie asubuhi yote hii, lakini akanipitisha.

Treni ilisimama dakika mbili, kama karani alivyosema. Mfereji wa mashambani, daraja la mbao, na ng'ambo yake mnara wa njiwa, mweupe, unaonekana hata ukiwa bado kwenye ngazi za behewa. Ningekuja naye asingehitaji kumwuliza mtu.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke wa miaka sitini hivi alikuwa kakaa kizingitini anachambua mchele kwenye sinia. Alinitazama, akatazama mfuko, akaliweka sinia chini taratibu.

"Wewe ni wa Port Said."

"Umejuaje?"

"Ijumaa, treni ya asubuhi, harufu ya mikate ya rehema. Na hiyo pua ni ya Insaf." Alishasimama, anatafuta viatu kwa vidole vya miguu, anajitanda mtandio. "Mimi Fawqiya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mama yako alikuwa ananisuka. Yuko wapi? Umemwacha darajani? Miguu, sivyo? Aibu yako, mwanamume mzima unamwacha mama anatembea nyuma! Mwambie asiharakishe, namfuata mwenyewe."

Akanipita. Alikuwa ameshafika barabarani, kaweka mkono juu ya macho kuzuia jua, anatazama daraja, anatabasamu. Sikuweza kumwita. Aliangalia daraja, kisha njia yote ya reli, kisha akageuka kuniangalia, na tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

"Lini?" akauliza.

"Siku arobaini na moja."

Alikaa chini pale pale, juu ya udongo wa barabara, akajipiga mapaja mara mbili. Nikakaa karibu naye. Njiwa walikuwa wanatoka na kuingia kwenye mnara.

Baadaye alinipeleka. Hakuna kaburi la Buthaina, hata Mama angetafuta jina asingeliona. Yumo ndani ya kaburi la ukoo wao, lililojengwa kwa vyumba, katika chumba cha wanawake, chini ya jina la familia ambayo si yetu. "Bibi yangu alikuwa amefariki mwaka ule," Fawqiya alisema. "Tulimlaza ubavuni mwake ili asiogope. Mama yangu naye, alipokuwa anakufa, alituusia: yule mtoto ni amana. Mama yake atakuja, na akija atakuja na treni ya Ijumaa, kwa sababu ndiyo aliyoondoka nayo. Asikute nyumba imefungwa. Basi Ijumaa lazima mmoja wetu abaki. Harusi, msiba, mmoja anabaki. Leo zamu yangu."

Nikamwambia kila kitu. Ukungu, maharusi wa Damietta, kijiji cha kwanza, mlinzi mwenye jicho bovu, meli. Hakunifariji. Alisema tu, "Ijumaa ile ya jua kali, mwezi wa kwanza? Nilikuwepo. Nilianika nguo." Halafu akanisaidia kugawa mikate.

Gauni alimpa mjukuu wa jirani yake, mtoto asiye na baba. Ana miaka mitano, mikono imekuwa mifupi, lakini kakataa kulivua, kakimbia nalo mpaka mnarani kurushia njiwa mahindi.

Nimerudi na treni ya alasiri. Naiandika hapa kama ninavyowaandikia wateja, kwa sababu sijui kuandika kwa namna nyingine.

Kafr Sawaqi, Sharqia. Treni ya Ijumaa, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Fika mapema, kwa ajili ya forodha. Shuka upande wa kushoto, vuka daraja, ulizia kwa Fawqiya, nyumba yenye mnara wa njiwa. Kila Ijumaa yupo mtu. Mwendo wote ni saa tatu na dakika kumi, na unarudi siku hiyo hiyo. Kuna kupanda ngazi tatu tu, za behewa. Mtu mzima mwenye moyo dhaifu anaiweza safari hii, akipelekwa mapema.